Tupeane uzoefu: mlichaguaje jina jipya la mashua yenu ya tanga?

Tanga Jeupe: Wadau, nimenunua mashua ya futi 28 kwa mzee aliyekaa nayo miaka mingi. Jina lililopo ni la marehemu mkewe. Kila nikishika usukani najiona nimeazima chombo cha watu. Nataka kubadili, ila roho inasita. Mliobadili mlifanyaje?

Bi Usukani: Hongera, ndugu. Sisi tulichagua maneno matatu matamu kama shairi. Siku moja upepo ukakata, injini ikagoma, mkondo ukawa unatuvuta miambani. Nikashika redio. Wito wa hatari unataka jina la chombo litajwe mara tatu, na mimi nikajikwaa mara ya pili tu. Aliyenisikia akaniomba nilitaje herufi kwa herufi: herufi 19, kila moja na neno lake la redio (A ni Alfa, B ni Bravo), huku mawimbi nayaona yakipasukia mwambani. Tuliokolewa. Mwezi uleule tukaiita Shwari. Kabla hujabandika jina, lipigie kelele mara tatu upepo ukivuma.

Msafiri77: Sisi watoto ndio waliochagua. Miaka 11 sasa, hatujajuta.

Mzee wa Ngamani: Kulitoa la zamani nako ni kazi. Nilizipasha herufi moto kwa kikausha nywele, zikabanduka moja moja, gundi nikaifuta kwa spiriti. Nikarudi nyuma kutazama: jina bado lipo! Chini ya herufi jua halikuwahi kufika, rangi imekoza kuliko pembeni. Nilisugua polishi wikendi mbili, na jua la jioni likipiga ubavuni bado nalisoma. Usisahau maboya, usajili na bima. Redio pia, maana ile namba yake ya utambulisho ya tarakimu 9 imeandikishwa pamoja na jina. Usipobadilisha, waokoaji watatafuta mashua isiyokuwepo.

Omo na Tezi: Wanaosema kubadili jina ni mkosi huitaja Endurance, meli ya mvumbuzi Shackleton. Ni kweli, iliundwa Norwei kwa jina la Polaris, ikabadilishwa, na mwaka 1915 barafu ya Antaktika ikaiponda ikazama. Lakini Drake, baharia Mwingereza, naye aliibadili meli yake Pelican kuwa Golden Hind mwaka 1578, katikati ya safari, na mwaka 1580 ikarudi salama baada ya kuizunguka dunia. Mkosi siuamini. Linalonigusa ni hili: Endurance ilipopatikana mwaka 2022, mita 3,008 chini, jina lilikuwa linasomeka kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, na chini yake nyota iliyobaki toka enzi za jina la Polaris. Jina walibadili, nyota wakaiacha. Tanga Jeupe, umeshaongea na mzee mwenyewe?

Tanga Jeupe: Nimempigia leo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kile kibao cha mbao chenye jina la mkewe, juu ya mlango wa kushukia chumbani, bado kipo. Kipo, kina skrubu nne za shaba. Akasema, "Basi hicho kiache mwanangu. La nyuma badilisha." Jipya sijalipata bado, ila Jumamosi naanza kubandua.