Barua ya LC1 iandike tabia ya mtu, au mambo aliyoyafanya?

Mtoa mada, Kampala:
Ndugu zangu, hapa Uganda ukienda kumdhamini ndugu yako mahakamani, utadaiwa barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Barua huwa fupi: jina, kijiji, kisha sentensi kwamba huyu ni mkazi mwenye tabia njema. Muhuri, basi. Na yule ambaye kijiji kimeshamwita mkorofi huzungushwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka anakata tamaa.

Msimamo wangu ni kwamba neno la tabia liondolewe kabisa. Barua iseme mtu anaishi wapi, tangu lini, anafanya kazi gani, na kama aliwahi kuwa na shauri mbele ya baraza la kijiji, lilihusu nini na liliishaje.

Sababu ni hii. Mwaka 1946 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio yake. Watu walisomewa sifa za mtu wasiyemjua: ana akili, stadi, mchapakazi, mkunjufu, ana msimamo, mtendaji, mwangalifu. Kundi jingine likasomewa sifa zilezile, ila badala ya mkunjufu likaambiwa ni mkavu, hachangamkii watu. Walipotakiwa waseme kama ni mkarimu au si mkarimu, asilimia 91 ya kundi la kwanza walisema mkarimu. Kundi la pili, asilimia 8! Hakuna aliyekuwa ameambiwa lolote kuhusu kutoa au kunyima, walijijazia wenyewe. Sasa neno "mkorofi" kutoka kwa mwenyekiti litajaziwa mangapi?

Mchangiaji, Arua:
Ndugu yangu, nakupinga. Mwenyekiti hakusomewa orodha. Anatuona harusini na matangani, anajua nani alimpiga nani. Halafu majaribio hayohayo yana upande mwingine: kwenye swali la uaminifu, makundi yote mawili yalimwona mwaminifu kwa zaidi ya asilimia 90. Kumbe neno moja haliharibu kila kitu. Mimi nikimpangisha mgeni chumba nataka kujua ni mtu wa namna gani. Kwamba anauza nyanya sokoni hakunisaidii.

Mtoa mada:
Hilo la uaminifu ni kweli, na ni vizuri umelileta. Ila tazama swali la utu: waliosomewa mkunjufu, asilimia 86 walisema ana utu; waliosomewa mkavu, 31. Wangapi wamenyimwa chumba bila kushukiwa wizi, ila kwa kuonekana hawana utu?

Na kumwona mtu kwa macho hakutuponyi. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Harold Kelley aliwapa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, maelezo mafupi kuhusu mwalimu mgeni. Wengine walisoma kwamba ni mkunjufu sana, wengine kwamba ni mkavu kidogo. Wakaingia darasa moja, wakamsikiliza mtu yuleyule. Waliosoma "mkunjufu", asilimia 56 walishiriki mazungumzo naye; wale wengine, 32. Hapo ndipo ninapoumia. Kijana akishaitwa mkorofi, watu humkwepa. Akikwepwa hujitenga, naye mwenyekiti husema, si mnaona?

Mchangiaji, Busia:
Naomba niseme kama mwanamke. Mwanamume akipigania mpaka wa shamba lake anasifiwa kuwa ana msimamo. Mjane akipigania wake, kijiji kizima kinamwita mgomvi, na huyo mgomvi ndiye atakayehitaji barua. Kwa hiyo neno la tabia liondoke, naunga mkono.

Lakini mtoa mada, hilo la kuandika mashauri nalo lina mwiba. Mjane huyo alikwenda baraza na akashinda. Barua ikitaja shauri, afisa atasoma "shauri" na kufunga faili. Utakuwa umempa jina baya lilelile kwa njia nyingine.

Mtoa mada:
Dada, hoja yako ina uzito kuliko yangu hapo. Basi yaandikwe yale tu ambayo mtu alishindwa, na mwaka wake, ili msomaji ajue kama ni ya jana au ya zamani. Aliyeshinda asitajwe.

Waliowahi kukaa kwenye kamati ya LC1, Mbale, Gulu, Mbarara, popote: mwenyekiti wenu akikataa kumwandikia mtu barua, huwa anatakiwa kuieleza kamati sababu, au inatosha kusema "huyu tunamjua"?