Kribeji: karata sita hizi, na mgawaji ni mimi. Nitupe zipi?

MbebaMakasha (Halifax, Kanada)

Wakuu, heshima kwenu. Naamini humu hawakosi wenzangu wa ughaibuni mnaoujua mchezo wa kribeji, ule wa karata na ubao wenye matundu. Kazini kwetu unachezwa kila mapumziko ya chakula, nami umeniingia kwelikweli. Kuhesabu nimeshajua. Kinachonitatiza ni kutupa, hasa zamu ya kugawa inapokuwa yangu.

Kwa msioujua, kwa ufupi: mnacheza wawili, kila mtu anapewa karata sita, anashika nne na kutupa mbili kifudifudi. Hizo nne zilizotupwa ndizo kribi, na kribi ni mali ya mgawaji. Kisha pakiti inakatwa, inafunuliwa karata moja ambayo kila mtu anaihesabu pamoja na zake. Karata zikifanya jumla ya 15 ni pointi 2, jozi ni 2, mfululizo wa tatu ni 3, wa nne ni 4. Ree ni 1. Jeki, malkia na mfalme kila mmoja ni 10. Anayetangulia kufika 121 ameshinda.

Sasa juzi nimegawa, nikajikuta na hizi: 3 ya kopa, 5 ya kopa, 5 ya pau, 7 ya uru, 8 ya kopa na mfalme wa shupaza. Mimi nilikuwa tundu la 62, mwenzangu 58. Tulipomaliza nikawaonyesha watu, mezani kukawaka. Mzee mmoja aliyeanza kucheza tangu utotoni anasema kribi ni yangu, basi tano zote mbili ziende huko, kwa sababu hakuna jozi inayozaa kribini kuishinda 5 na 5. Mwingine anasema nishike 5, 5, 7, 8 nisubiri 6 ifunuliwe. Wa tatu anasema tupa 7 na 8, shika 5, 5, 3 na mfalme.

Mimi moyo unasita kutupa 7 na 8, maana tayari zimefanya 15. Nisaidieni, na zaidi ya jibu naomba njia ya kufikiri.

MamaZuhura (Leicester)

Wa tatu yuko sahihi, na sababu ni hiyo hiyo inayokusitisha. 7 na 8 zimefanya 15, ndiyo, lakini kribi ni yako. Ukizitupa, ile 15 hujaipoteza, umeihamisha tu kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule, na yote miwili umeivaa wewe. Papo hapo mkononi unabaki na 5 mbili na mfalme: 15 mara mbili ni pointi 4, jozi ya tano ni 2, jumla 6. Ongeza zile 2 zilizolala kribini, una 8 kabla pakiti haijakatwa.

Mgawaji asiulize "mkono upi ni mzuri" peke yake, wala "kribi ipi ni nzuri" peke yake. Anajumlisha. Mzee wako ametazama kribi tu, yule wa pili ametazama mkono tu.

Pini_Mbili

Mama Zuhura nakuheshimu, ila mzee naye msimpuuze. Majedwali yote ya kribeji yanasema 5 na 5 kwenye kribi yako huleta wastani wa kati ya pointi 8 na 9. 7 na 8 huleta kama 6 na nusu. Hiyo tofauti ya pointi mbili si ndogo, michezo mingi huisha kwa tundu moja au mawili. Na karata za kumi ziko 16 katika pakiti, kila moja ikitua kribini inakutana na tano mbili.

Fundi_Hesabu (Mombasa)

Pini_Mbili, majedwali ni kweli, lakini yanaeleza nusu ya habari. Nimekaa na kalamu nikaipitia karata moja baada ya nyingine. Ukitoa sita ulizo nazo, pakiti inabaki na 46 zinazoweza kufunuliwa. Nimehesabu kila mkono ungekuwa na pointi ngapi kwa kila karata, nikajumlisha, nikagawa kwa 46.

Ukishika 5, 5, 3 na mfalme, wastani wa mkono ni 9 na chembe. Ongeza 6 na nusu za kribi yenye 7 na 8, unapata kama 15 na nusu.

Ukitupa tano mbili, unabaki na 3, 7, 8 na mfalme. Huo mkono ni maskini: wastani haufiki hata 4. Hata ukiupa kribi nzuri kuliko zote, jumla inacheza kwenye 12 na nusu.

Ukishika 5, 5, 7, 8, wastani wa mkono ni 7 na nusu na kidogo. 6 ikifunuliwa unapata 12, ni kweli na inapendeza, lakini sita ziko nne tu kati ya zile 46. Na kribini umepeleka 3 na mfalme, ambazo hazizai hata pointi 4 kwa wastani. Hiyo ndiyo ya mwisho kabisa, haifiki 12.

Kwa hiyo kati ya shauri la mzee na la yule wa tatu kuna pointi kama tatu. Kwa mchezo huu hiyo ni pengo kubwa.

Tazama pia jinsi ile 3 inavyofanya kazi kimyakimya. Ikifunuliwa 2, una 3, 2 na mfalme zikifanya 15, na pia 5, 5, 3 na 2 zikifanya 15: pointi 4 zaidi. Ikifunuliwa 4, unapata mfululizo wa 3, 4, 5 mara mbili, mkono unaruka kutoka 6 hadi 12. Ikifunuliwa 7, kuna 3, 5, 7 mara mbili. Watu wengi huona karata ndogo kama takataka kwa kuwa tumekulia michezo ya turufu ambako kubwa hula ndogo. Huku hakuna kulana.

MbebaMakasha

Fundi, Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Nimekuelewa. Sasa swali la pili: je, ningekuwa si mgawaji, karata ni hizo hizo, bado ningetupa 7 na 8?

Fundi_Hesabu (Mombasa)

Hapana, kabisa. Hapo unakuwa unamlisha mwenzako. Kribi ikiwa yake, unatoa badala ya kujumlisha.

Na hapa ndipo karata zako zinapofundisha. Kuna chaguo la nne ambalo mezani kwenu hakuna aliyelitaja: kushika 3, 5, 5, 7 na kutupa 8 na mfalme. Mkono huo una 3, 5, 7 mara mbili, pointi 4, na jozi 2, jumla 6 kama ule mwingine. Ila wastani wake baada ya kufunua ni 9 na robo tatu, yaani unaupita ule wa mfalme kwa zaidi ya nusu pointi. Ukitazama mkono peke yake, huo ndio bora kuliko yote.

Kwa asiyegawa ni rahisi: 8 na mfalme haziungani, hazifanyi 15 zenyewe, mfalme hana kwa kwenda juu. Mpelekee. Kwa mgawaji, ubovu huo huo wa 8 na mfalme unakuwa hasara yako, kribi inashuka hadi kama 3. Umepata zaidi ya nusu pointi mkononi, umepoteza tatu na zaidi kribini. Karata sita zile zile, majibu mawili, na kinachoyatenganisha ni nani aliyegawa.

MamaZuhura (Leicester)

Hapo Fundi umenena. Na ndiyo maana ule usemi unaozagaa, "usitupe 5 kamwe", huwapoteza wanaoanza. Ni usemi wa asiyegawa. Mgawaji akitupa 5 na jeki, au 5 na malkia, anaweka kribi ya karibu pointi 7, kwa sababu mpinzani naye hutupa karata za picha kwa mgawaji akidhani ni salama. Ukiwa na 5 moja ambayo mkononi haina mwenzake wa kumi, kribini kwako ndiko kwao.

Nyingine ambayo watu huidharau ni 2 na 3. Jumla yake ni 5. Kila karata ya kumi ikija, una 15. Wastani wake unakaribiana na ule wa 5 na jeki. Na kati ya jeki na malkia, ukiwa mgawaji na mkono haubadiliki, tupa jeki: ikifunuliwa karata ya aina yake, una pointi 1 ya bure.

Usihangaike na kutafuta rangi moja kribini. Mkononi karata nne za aina moja zinakupa 4, lakini kribini lazima zote tano, pamoja na iliyofunuliwa, ziwe aina moja. Mbili umezichagua wewe, mbili mpinzani, moja pakiti. Ukiona inatokea, shukuru, ila usitupe kwa kuitegemea.

Otieno_wa_Kaskazini (Minnesota)

Habari zenu ndugu. Huku kwetu kribeji ni kama chai, wakati wa baridi kali watu wanacheza mpaka usiku. Fundi na Mama Zuhura wamesema ukweli, lakini nataka kuongeza kitu kuhusu ubao, maana wastani ni wa katikati ya safari tu. Mbeba Makasha alikuwa 62 kwa 58. Hapo wastani unatawala, tupa 7 na 8 ulale usingizi.

Mwisho wa mchezo ni mambo mengine. Kumbukeni mpangilio wa kuhesabu: asiyegawa anahesabu kwanza, kisha mgawaji anahesabu mkono wake, na kribi inafunguliwa ya mwisho. Tuseme mpinzani yuko 113. Anataka 8. Mkono wa kawaida wa kribeji ni karibu pointi 8, na kabla ya hapo atakuwa ameokota moja au mbili wakati wa kushusha karata, yaani mnapozitoa mezani moja moja kwa zamu mkijumlisha bila kupita 31. Kribi yako inaweza kuwa na dhahabu ndani na isifunguliwe. Hapo sahau habari ya kulisha kribi. Shika karata za kukusaidia wakati wa kushusha, ndogondogo, ili uwe wa mwisho kabla ya 31 na uokote pointi, na umzuie yeye.

Kuna pia hesabu ya mzunguko. Mgawaji kwa wastani huondoka na kama 16 akijumlisha kushusha, mkono na kribi. Asiyegawa kama 10. Zamu mbili ni 26. Kwa hiyo ukifika tundu la 96 au karibu na hapo na zamu ya kugawa ni yako, uko mahali pazuri: unahesabu mkono na kribi sasa, na zamu inayofuata wewe ndiye wa kwanza kuhesabu. Mimi nikiwa nyuma ya hapo huwa najaribu mkono wenye hatari zaidi, nikiwa mbele nachagua wa uhakika.

Pini_Mbili

Nimekubali, Fundi. Hesabu ya mkono wa 3, 7, 8 na mfalme sikuwa nimeifanya, na hapo ndipo shauri la mzee linapoangukia. Swali dogo: kuna mwenye kuijua ile ya 29? Mbona hizi tano zinasifiwa hivyo?

Otieno_wa_Kaskazini (Minnesota)

29 ndio mkono mkubwa kuliko yote. Unashika tano tatu na jeki, halafu inafunuliwa tano ya nne, ya aina ile ile ya jeki. Mtu huipata mara 1 katika mikono 216,580. Inayojulikana sana ni ya mwaka 1943 ndani ya manowari ya Marekani USS Wahoo: Richard O'Kane aliipata akicheza na kamanda wake Dudley Morton. Ubao wa O'Kane umekuwa ukirithishwa hadi kwa manowari kongwe ya mashambulizi katika kikosi cha Pasifiki. Mabaharia na kribeji ni ndugu wa damu, sishangai kwamba Halifax wanaucheza kazini.

MbebaMakasha

Nimewasomea wenzangu majibu yenu wakati wa chakula, nikiyatafsiri. Mzee ameomba aone hesabu ya 46 mwenyewe, nikamwandikia kwenye karatasi. Amekaa nayo mapumziko yote, ameipitia mstari kwa mstari, akasema ile ya 2 iliyofunuliwa hakuwa amewahi kuiona.

Niwaulize moja ya mwisho, imetokea leo. Mgawaji ni mimi tena: 2, 3, 7, 8, 9 na mfalme. Katikati ya ubao. Nimeshika 7, 8, 9 na mfalme, nikatupa 2 na 3.

MamaZuhura (Leicester)

Sawasawa. Mkono una 5: mfululizo ni 3, na 7 na 8 ni 2. Ungeweza kushika 2 badala ya mfalme ukabaki na 5 zile zile, na ikifunuliwa 6 ungepata 10 badala ya 8, lakini kribini ungepeleka 3 na mfalme. Karibu 7 dhidi ya chini ya 4. Umetupa vizuri.