Mashine ya boti inawaka freshi, dakika tatu nyingi inazima. Msaada wakuu

Maji_Mafu:
Wakuu habari za saa hizi. Nina boti ya faiba, mashine Yamaha 15 tuu stroki, niko Utende huku Mafia. Shida imeanza wiki iliyopita. Asubuhi unapampu, unavuta choki, kamba ya pili tu imewaka, inanguruma vizuri, inakojoa maji ya kupoza vizuri, unaondoka. Ikifika kama dakika tatu unaisikia inaishiwa nguvu yenyewe, inakohoa mara mbili, kimya. Ukipampu tena inawaka kama hakuna kilichotokea halafu mchezo uleule. Juzi imetuzimia kati ya visiwa vya Chole na Jibondo, bamvu (maji makubwa), maji yanatoka, mkondo unatusukuma nje, ikabidi tutupe nanga kwanza. Tulirudi dogo akiwa kazi yake ni moja tu, kuminya lile puto la mpira la kupampia mafuta kwenye paipu kama anakamua ng'ombe, akiacha kidogo mashine inaanza kukohoa. Nimebadilisha plagi zote mbili, fundi wa hapa kafungua kabureta kaosha kachukua hela yake, imerudi vilevile. Ndo koili, ile ya kupeleka umeme kwenye plagi, imekufa au? Mafuta nachanganya lita 20 kwa oili kama nusu lita.

pweza mkavu:
Koili hiyo mkuu. Ikipata moto inakata. Tafuta koili.

Kasia Moja:
Changanya na mafuta ya taa kidogo uone, mimi nilikuwa na shida kama hiyo nikaweka robo ikatulia.

Fundi Bandarini:
Pole kaka. Mafuta ya taa achana nayo. Kuna mashine zimetoka kiwandani za kutumia mafuta ya taa, ila kama yako ni ya petroli usianze kuijaribia, utaharibu pistoni bure. Na koili sidhani. Koili ikifa kwa moto ukipampu haifufuki, itakaa mpaka ipoe. Yako inafufuka kwa puto, yaani umeme upo ila mafuta hayafiki.

Iko hivi. Kabureta ina kibakuli chake kidogo chini, wewe ukipampu kwa mkono unakijaza, ndo maana inawaka vizuri na kukupa moyo. Ikimaliza yale ya kwenye kibakuli inatakiwa pampu ya ubavuni mwa injini ivute mengine kutoka kwenye tangi, sasa hapo ndo pana kitu. Kuiosha kabureta ilikuwa kutibu mgonjwa wa kitanda cha pili.

Nijibu mawili. Kile kiskrubu cha pumzi juu ya kizibo cha tangi unakifungua ukitoka? Na inapoanza kukohoa hebu shika puto, limenywea au limejaa?

Nusu lita kwa 20 si mbaya, umezidisha kidogo tu, kwa petroli 50 kwa oili 1 ingekuwa mililita 400. Itatoa moshi ila haizimi kwa hilo.

Maji_Mafu:
Pumzi nafungua kila siku, hilo nina uhakika. Puto ngoja kesho nikaangalie, mwenzio siku zote naliminya tu sijawahi kuliangalia

Bi Nahodha:
Na mtu asikudanganye ukaipimie nchi kavu. Mwanangu aliiwasha juu ya mchanga "dakika moja tu mama", akaunguza ile feni ya mpira ya kuvuta maji, tukanunua nyingine. Ifunge boti kwenye maji yanayofika, weka gia iwe huru, iwashe hapohapo. Na kama unatoka na mashine moja kasia liwemo, mwanangu, kipindi hiki kusi haina mzaha.

Maji_Mafu:
Nimerudi. Shikamoo Bi Nahodha, nimefanya hivyohivyo, nimeifunga ufukweni. Puto linanywea wakuu. Linabonyea mpaka pande mbili zinagusana halafu ndo inazima. Nikafungua kizibo kizima cha tangi nikaacha wazi, bado limenywea.

Fundi Bandarini:
Safi sana, umeshaokoa hela ya koili. Puto lingekuwa limelegea tu bila kubonyea ningesema paipu inavuta hewa, uangalie ile ringi ya mpira kwenye kiungio. Lingekuwa gumu limejaa na bado inazima ningesema pampu ya injini, kile kingozi cha ndani kimetoboka. Yako linafyonzwa, maana yake pampu nzima, inavuta kwelikweli, ila nyuma ya puto pameziba. Pumzi umeshaitoa kwenye kesi. Imebaki paipu kati ya tangi na puto, au lile bomba linaloshuka ndani ya tangi, chini kabisa lina kichujio kidogo cha wavu. Toa hilo bomba. Na sigara weka mbali.

Maji_Mafu:
Wakuu mtacheka. Nimelitoa. Kile kichujio hakionekani, kimevikwa kitu kama utando mwekundu, laini, nimevuta kwa kucha kikatoka kizima kama soksi. Nikakianika juani kikakauka, ni nyuzi. Nyuzi za kanga! Huku mafuta tunanunua ya madumu, mimi siyaamini, kwa hiyo kila siku nayamwagia kwenye tangi kupitia kipande cha kanga ya zamani ya mke wangu, ili uchafu usiingie kwenye mashine. Kanga yenyewe imechakaa inanyonyoka, mwaka mzima nyuzi zinashuka humo.

Bi Nahodha:
😂😂😂 Na kanga alikupa yeye au ulichukua?

Maji_Mafu:
Hilo tuliache hapohapo mama

pweza mkavu:
Sasa utachujia nini, maana hayo ya madumu kuna mengine nusu maji

Fundi Bandarini:
Nunua faneli yenye wavu ndani. Halafu kabla hujamimina, weka kidogo kwenye chupa tupu, safi, inayoonekana ndani, iache itulie kama robo saa. Petroli ni nyepesi, kama kuna maji yatakaa chini utaona mstari kabisa. Ukiuona mrudishie mwenye dumu. Na kwa sababu nyuzi zingine zinaweza kuwa zimepita, suuza tangi lote, fungua na kichujio kidogo cha kwenye injini kabla hujaenda mbali.

Maji_Mafu:
Nimesuuza tangi. Kile cha kwenye injini kilikuwa na vinyuzi vitatu vinne tu. Leo nimeenda Jibondo na kurudi, puto limejaa muda wote, dogo kakaa mbele amelala.