Mjadala: Suka (dereva) wa daladala akifungulia muziki wake, nani anapumzika?

Mtoa mada
Wakuu, tulijadili hili bila kutukanana. Jumanne jioni nilipanda gari la Gongo la Mboto pale Mnazi Mmoja, nikabahatika kupata kiti cha nyuma. Nasema nikabahatika, kumbe sabufa imelala chini ya kiti hichohicho. Singeli, sauti hadi mwisho. Kioo kinatetemeka, bati la ubavuni linatetemeka, na mama aliyekaa mbele yangu kamziba mtoto masikio kwa ncha ya khanga.

Tazara tukasimama kabisa. Nikamwona suka kwenye kioo chake: kidole gumba kinagonga usukani, mabega yameshuka, uso wa mtu aliyekaa barazani baada ya kuoga. Yule bwana alikuwa amepumzika kwelikweli. Sisi abiria thelathini na ushee ndio tulikuwa tunachemka.

Kwamba muziki unaondoa msongo sibishi. Nikifika nyumbani naoga, naweka Sikinde, ile bendi iliyoanza 1978 hapahapa Dar, magitaa yanajibizana taratibu mpaka namsahau bosi. Lakini unanituliza kwa sababu nimeuchagua mwenyewe na kitufe cha sauti kiko mkononi mwangu. Huohuo nikimlazimishia kijana wangu wa miaka 17, anavimba kama andazi.

Ndiyo nauliza: spika kubwa ndani ya daladala zipigwe marufuku au ziachwe? Mimi nasema zipigwe marufuku.

Konda mstaafu, njia ya Mbagala
Mkuu, wewe unaukuta huo muziki saa moja tu, unashuka. Suka kaamka saa tisa usiku, hesabu ya tajiri inamsubiri iwe mvua iwe jua, trafiki kamwona mara mbili, na foleni haina mwenyewe. Ukimzimia muziki atatulizwa na nini? Viroba vya pombe mlishavipiga marufuku 2017, sasa mnautaka na muziki? Nimefanya kazi na dereva ambaye redio ikiharibika anagombana na kila bodaboda kuanzia Rangi Tatu mpaka Kariakoo. Kuna siku nilimnunulia fyuzi kwa hela yangu ili sote tufike salama.

Halafu tuseme ukweli: kituoni yakija magari mawili, vijana wanakimbilia linalodunda.

Dada wa Sinza
Kaka mtoa mada, hoja yako ina kichwa ila ina harufu ya kuidharau singeli. Mnadhani kutulia ni kusinzia. Mimi nauza nguo za mtumba Ilala, siku nzima nasimama, wateja wananishusha bei kama vile nimeiba mzigo. Nikifika nyumbani naweka singeli, mapigo yanapita 200 kwa dakika, nacheza huku naosha vyombo mpaka jasho linatoka. Nikimaliza nalala kama gogo. Niwekee rumba ya polepole uone: nitaanza kumfikiria marehemu kaka yangu, usiku wote macho kodo.

Hakuna muziki wa kupumzikia ulioandikwa kwenye cheti.

Mtoa mada
Hapo umenikamata, dada. Singeli haina kosa, nafuta hiyo harufu. Ila umeona? Wewe nawe umeichagua, na uko jikoni kwako.

Nesi wa zamu ya usiku
Naunga mkono hilo la kuchagua. Hata hospitali, mgonjwa anayesubiri upasuaji akisikilizishwa muziki wasiwasi hupungua, lakini kwanza unamuuliza anapenda nini. Ukimwekea asichokipenda unamwongezea.

Mimi nina wasiwasi na masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Sasa konda, wewe uliyekuwa mlangoni tangu alfajiri hadi usiku, siku sita kwa wiki, piga hesabu mwenyewe. Masikio hayapigi kengele usiku?

Na wale watakaokuja na "vaa spika zako za masikioni", jamani, ili usikie wimbo wako juu ya sabufa lazima upandishe sauti kuizidi. Hapo umejipiga mara mbili.

Konda mstaafu, njia ya Mbagala
Yanapiga, dada nesi. La kushoto. Lakini nilidhani ni uzee.

Abiria wa Kimara
Mkimaliza muziki msisahau mahubiri. Na uchambuzi wa mpira saa moja asubuhi, wanabishana watu watano kwa pamoja.

Bibi wa Temeke
Wanangu, sheria mnayoitaka ipo. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015. Mkipiga marufuku mara ya pili, nani atapanda daladala na kipimo? Mimi hutumia mdomo. Juzi nilimwambia konda, "Mwanangu, punguza kidogo, bibi yako kichwa kinamgonga." Akasema, "Shikamoo bibi," akapunguza. Gari zima likashusha pumzi. Ila siwadanganyi, nilipokuwa nashuka sabufa ilifufuka kabla mguu wangu wa pili haujagusa lami.

Mtoa mada
Marahaba ni zako, bibi, shikamoo. Basi nalegeza kamba, sitaki tena marufuku ya jumla. Suka abaki na redio yake kule mbele, apige singeli, apige taarabu, roho yake itulie, maana roho yake ndiyo imeshika usukani. Sabufa ya nyuma ing'olewe. Aliyekaa siti ya mwisho akitaka muziki atajijua na simu yake. Konda, hapo unasemaje?

Konda mstaafu, njia ya Mbagala
Redio ya mbele sawa, nakubali. Sabufa haing'oki, mkuu. Ile imechomelewa kwenye chasisi. Siku nyingine kaa mbele.