Sathima Bea Benjamin alianzaje kuimba jazi?

BintiBombo
Habari za jioni wanajukwaa. Binti wa dada yangu anaimba kwenye harusi na sherehe za kwanjula (utambulisho wa wachumba kwa Waganda), huku Bombo na Kampala. Bendi inampa nyimbo mbili tatu, anarudi kukaa. Sasa mpiga kinanda mmoja kamsikilizisha Sathima Bea Benjamin wa Afrika Kusini na nyumba haina amani tena. Anataka kuacha chuo cha ualimu aimbe jazi. Huyo Sathima alianzia wapi? Aliusomea muziki?

Besi_Kabalagala
Dada, mwambie amalize chuo. Sathima naye alikuwa mwalimu Cape Town, huku usiku anaimba kwenye vilabu na dansi za mitaani.

Alizaliwa Johannesburg mwaka 1936, akalelewa Cape Town kwa bibi yake. Darasa lake la muziki lilikuwa redio. Wimbo wa Nat King Cole au Billie Holiday, waimbaji wa Marekani, ukipigwa, yeye na penseli, anaandika maneno anayoyawahi. Akiwa mdogo alishiriki mashindano ya vipaji kwenye sinema, wakati wa mapumziko ya filamu. Hebu fikiria kuimbia watu wanaotafuna njugu wakingoja picha irudi!

Mwaka 1957 aliingia kwenye kundi la maonyesho la Arthur Klugman. Ziara ikavunjika, akakwama Msumbiji. Wanamuziki tunaijua hiyo, promota anapotea na nauli ni juu yako. Aliporudi Cape Town mwaka 1959 akakutana na mpiga piano Dollar Brand, ndiye aliyekuja kuitwa Abdullah Ibrahim. Mwaka huohuo walirekodi albamu, haikutolewa. Baada ya mauaji ya Sharpeville ya 1960, polisi walipowapiga risasi waandamanaji weusi, hali ilizidi kuwa ngumu, na mwaka 1962 wakaenda Ulaya, wakafikia Zurich.

Mtu_wa_Arua
Halafu Duke Ellington, yule gwiji wa jazi wa Marekani, akamwokota. Bahati hiyo kaka. Ellington anapita Bombo siku gani?

Besi_Kabalagala
Hakuokotwa. Ellington alikuwa na onyesho Zurich, Sathima akamfuata mwenyewe na kumsihi aje kwenye klabu ya Africana amsikilize Dollar Brand. Hakumwomba amsikilize yeye. Ellington akafika klabu inakaribia kufungwa, akasikiliza, kisha akataka kujua kama huyu dada naye anaimba. Akaimba. Februari 1963 wote wakawa studio Paris, na kwenye baadhi ya nyimbo Ellington na mtunzi mwenzake Billy Strayhorn ndio waliompigia piano.

Sasa niambie bahati iko wapi. Rekodi ya Dollar Brand ikatoka, ya Sathima ikawekwa kando zaidi ya miaka 30. Mwaka 1965 aliimba na okestra ya Ellington kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, na bado hakuna kampuni iliyomkimbilia. Mwaka 1979, akiwa New York na watoto wawili, akaanzisha lebo yake, yaani kampuni yake ya kutoa rekodi, Ekapa, akatoa santuri zake mwenyewe. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia, kuliko hata hiyo Paris.

BintiBombo
Kumbe. Basi chuo hakuna mjadala. Lakini jioni afanye nini? Bendi za harusi hazipigi hayo mambo.

Besi_Kabalagala
Aachane na bendi kubwa kwanza. Msikilize Sathima: anaimba polepole, sauti haishindani na ngoma, kila neno linasikika. Huo mtindo unataka piano na besi tu. Achague nyimbo mbili, maneno ayaandike kwa mkono, na ajue kii yake, yaani kiwango cha sauti kinachomfaa. Huko kwenye harusi anaimba kii ya yule kaka wa bendi, ndiyo maana anakaza shingo.

Jumatatu hatupigi shoo, tunafanya mazoezi mchana. Aje. Na wewe uje naye dada, wanamuziki nawajua, mimi ni mmoja wao.