Mlinzi wa usiku mwenye ofu ya saa 36: alale saa ngapi?

Lindo_Kusini:
Wakuu, naomba msaada wa ratiba. Lindo ni saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki, hapa Dar. Ofu inaanza Jumapili asubuhi, kurudi ni Jumatatu jioni. Nikilala Jumapili kutwa, usiku macho kodo. Nisipolala, nashinda kwenye kochi nasinzia na simu mkononi. Ama hivi ama vile, Jumatatu mwili unaingia lindoni mzito kuliko Jumamosi. Chumba ni cha bati, hakina dari.

Nesi_wa_Zamu:
Ukitoka lindoni lala kwa muda wa saa nne tu, basi. Weka kengele, amka, toka nje ukae kwenye jua nusu saa, usiguse tena kitanda mpaka saa 3 usiku. Utalala kama watu wengine. Na kahawa: kikombe cha mwisho saa 7 usiku. Ukinywa saa 10 alfajiri ili umalizie lindo, saa 4 asubuhi karibu nusu yake bado inazunguka mwilini, ndiyo maana unapata usingizi wa kushtukashtuka. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyo hivyo.

Saa_ya_Mwili:
Nesi, ratiba hiyo ni ya mwenye ofu mbili au tatu mfululizo. Huyu ana usiku mmoja. Akiugeuza mwili ulale saa 3 usiku, Jumatatu saa 8 usiku akiwa getini mwili utadai kitanda. Atakuwa anasafiri kwenda na kurudi kila wiki bila kufika.

Asigeuze, asogeze. Jumapili alale saa 2 hadi saa 6 mchana. Hapo nakubaliana na Nesi, tena baada ya saa 6 bati linakuwa tanuri, hata ukilazimisha hulali. Mchana na jioni ni vya familia. Usiku asikimbilie kitanda: alale saa 8 usiku, aamke saa 4 asubuhi Jumatatu. Hivyo saa 2 hadi 4 asubuhi anakuwa usingizini kila siku ya wiki, na hiyo ndiyo nanga ya saa ya mwili. Jumatatu kabla ya kuondoka ajinyooshe dakika 90, saa 8 hadi 9 na nusu. Asizidishe, akiamshwa katikati ya usingizi mzito ataingia kazini kichwa kizito.

Vikao vya harusi, kikoba na kufua sare viwekwe Jumapili baada ya saa 9 alasiri. Vikiingia asubuhi ndipo ofu inapokufa, kwa sababu asubuhi ndiyo inayolipa deni la usingizi. Kama ni kanisani, ibada ya jioni.

Lindo_Kusini:
Asante, nimeelewa. Sasa joto na mwanga? Nimebandika nailoni nyeusi dirishani, chumba kimekuwa jiko.

Fundi_Dari:
Nailoni iliyogusa nondo inaziba hewa. Itoe. Tundika kitambaa kizito cheusi sentimita 20 mbele ya dirisha, kizidi kingo sentimita 15 kila upande. Mwanga unakatika, upepo unapita ubavuni.

Juu, kama mwenye nyumba hakuwekei dari, funga sandarusi chini ya kenchi (mbao zinazobeba paa), uache nafasi isiyopungua sentimita 15 kutoka kwenye bati, na pembeni uache wazi ili hewa ya moto itoke. Ukiibana kotekote umejijengea oveni ya pili.

Ile habari ya kutundika shuka lililolowa mbele ya feni inafaa Dodoma, hewa kavu. Dar hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi, unaongeza jasho tu. Oga maji ya kawaida, usijifute sana, feni iwe karibu kabisa na chandarua maana neti inakula upepo.

Haki_Kazini:
Wakati mnapanga usingizi, tazameni na hesabu. Saa 12 mara usiku sita ni 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (Bara) inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Hata mkataba wa zamu za saa 12 una ukomo wa siku tano kwa wiki. Kwa hiyo uchovu huo si wa kupanga vibaya peke yake.

Na mkiambiwa "unganisha, mwenzako hajafika" Jumapili: mapumziko ya wiki ni angalau saa 24 mfululizo, kufanya kazi ndani yake ni kwa makubaliano, na kila saa hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Andika kwenye daftari lako mwenyewe tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka na nani alikuagiza. Daftari la lindoni linabaki kwa mwajiri. Madai ya aina hii hupelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60, usisubiri mpaka uache kazi.