Mgonjwa wa moyo anaruka dawa ya kutoa maji mwilini siku za safari, tumsaidieje?

Mhudumu_Bahi:
Wakuu, habari za kazi. Namfuatilia mama wa miaka 61, moyo umepanuka. Anatumia furosemidi 40 mg, spironolaktoni 25, bisoprololi 2.5 na enalaprili 5 kutwa mara mbili. Siku ya kliniki Dodoma mjini au ya mnada wa Msalato hamezi hiyo furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, anahofia kubanwa na mkojo ndani ya basi. Alipewa vidonge 30; siku ya 20 vimebaki 13 badala ya 10, na miguu imeanza kuvimba. Nyingine sijazihesabu. Bima anayo.

Nesi_kliniki:
Usimgombeze, atakuficha. Furosemidi ya kumeza huanza kukojosha ndani ya saa moja, hukolea saa ya kwanza hadi ya pili, kisha baada ya saa sita hadi nane imekwisha. Kwa hiyo siku ya safari dawa isogezwe, isirukwe. Akirudi saa 8 mchana, ameze hapo hapo. Mwisho saa 10 jioni, la sivyo ataamka usiku kucha na kuichukia zaidi. Akichelewa kuliko hapo, asubiri kesho asubuhi, na asimeze viwili kufidia: presha ikishuka ataanguka. Mwombe daktari wake akubali na aandike kwenye kadi.

Hizo nyingine zihesabu leo. Wengi hufunga dawa zote kwenye kifuko kimoja, akiacha moja ameziacha zote. Bisoprololi ikikatwa ghafla mapigo hupanda, na moyo dhaifu hauhimili.

Mfamasia_Dom:
Nyongeza ya jikoni, maana hapa ndipo watu husema "dawa haifanyi kazi" wakaiacha. Mlenda wetu hulainishwa kwa magadi. Magadi yana sodiamu kama chumvi, yanashikilia maji yale yale ambayo furosemidi inayatoa. Mlenda ale, magadi yatoke.

Uliza pia habari za magoti. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia figo kutoa chumvi na maji, na zikichanganyika na enalaprili huumiza figo zenyewe. Parasetamo ni salama zaidi kwake. Akilalamikia kikohozi kikavu, huenda ni enalaprili. Asiiache mwenyewe, daktari anaweza kumpa losartani badala yake. Kikohozi kinachozidi akilala chali ni jambo jingine: huenda ni maji mapafuni, awahishwe hospitali.

Mhudumu_Bahi:
Magadi ni kila siku kwake, asanteni sana. Uzito tunaupimaje?

Nesi_kliniki:
Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula, nguo nyepesi, mizani ile ile. Aandike. Zikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, asingoje tarehe ya kliniki. Kama hana mizani, bonyeza kidole kwenye ugoko kwa sekunde 5. Shimo likibaki, maji yamerudi.